Gari imegoma kuwaka: ubusti kwa waya, usukume, utumie busta ya mkononi au udili na betri yenyewe?

Unapiga stata inalia ta-ta-ta-ta, taa za dashibodi zinafifia, halafu kimya. Hapo hapo kila aliye karibu anakuwa fundi, huyu anasema tusukume, yule anauliza nani ana waya, mwingine anakwambia nunua ile busta ya kubeba uachane na kuombaomba watu, na fundi ukimpigia simu anakwambia betri imekufa leta nyingine, hata kuiona hajaiona. Kila mmoja anaweza kuwa sahihi, ila sio kwa kila gari na sio kwa kila betri. Hapa chini nimeziweka hizo njia nne zote pamoja, hasa kwa ajili ya nyie vijana mliopata gari ya kwanza juzi juzi na boneti bado mnaifungua kwa wasiwasi.

Ila kabla ya kuchagua njia hakikisha kwanza shida ni betri, maana watu wanahangaika na waya nusu saa kumbe tatizo liko kwingine kabisa. Sikiliza gari. Kama stata inazunguka kwa nguvu zake zote ila injini haishiki, betri haina kesi, hapo angalia mafuta, pampu, plagi, au funguo haitambuliki na gari (kuna taa ndogo ya funguo inapepesa kwenye dashibodi). Ukisikia mlio mmoja tu, "tak", na taa zinabaki kali vilevile, shuku stata au waya zake. Ile ta-ta-ta ya haraka na taa kufifia ndio betri dhaifu au terminali (kile kishikio cha waya juu ya betri) imelegea. Na kama ni kimya kabisa, hakuna hata taa moja, betri imeisha hadi mwisho au terminali imechomoka. Taa zipo ila stata haijibu kitu? Angalia gia iko P au N kama ni oto, kama ni manyuo kanyaga klachi hadi chini, gari nyingi za siku hizi hazikubali bila hivyo, usicheke, hiyo inatokea kila siku.

Terminali ishike kwa mkono ujaribu kuizungusha. Ikicheza, kaza, jaribu tena. Ukiona ule unga mweupe au wa kijani umeganda, usafishe kwa maji ya moto yenye baking soda na mswaki wa zamani, ukauke, halafu paka grisi kidogo juu. Gari kibao zinapona hapa hapa bila kumsumbua mtu.

Na kama una multimita (kile kipima umeme), hata ile ya bei rahisi, pima volti za betri gari ikiwa imezimwa na imekaa masaa kadhaa. 12.6 kwenda juu imejaa, 12.4 iko kwenye robo tatu, 12.2 imebaki nusu, 12.0 ni robo, na ikiwa chini ya 11.8 hesabu imekwisha. Gari ikiwaka isome tena, ikiwa kati ya 13.8 na 14.5 alteneta (ile inayochaji betri injini ikizunguka) inafanya kazi yake. Hizi namba zishike maana huko chini zitarudi.

Njia zote nne nazipima kwa maswali yale yale: unahitaji nani na nini, gari gani inakubali, ukikosea kinaungua nini, na gari ikishawaka shida imeisha au umeisogeza mbele tu.

1. Waya za kubustia kutoka gari nyingine

Unahitaji waya na unahitaji mtu mwenye gari, na huyo mtu akubali. Waya zenyewe sio za kununua kwa kuangalia rangi. Zile nyembamba zilizojazwa plastiki nje unene wa kidole ndani nywele chache tu, zinapata moto na gari haiwaki. Kwa gari ndogo ya petroli tafuta waya wa 16 mm² au zaidi, kwa dizeli yenye injini kubwa nenda 25 mm², na urefu wa mita tatu hivi ili zifike bila magari kugusana.

Inakubali karibu kila gari ya volti 12, oto, manyuo, petroli, dizeli, na hata betri ikiwa imeisha kabisa bado inawezekana, hiyo ndio nguvu yake kubwa kuliko kusukuma. Haibridi (gari ya mafuta na umeme pamoja) nayo inabustiwa, kwa sababu ina betri ndogo ya volti 12 inayoamsha mfumo, mara nyingi iko kwenye buti na chini ya boneti wameweka sehemu maalum ya kushika waya, kaangalie kitabu cha gari. Ila kutumia haibridi kumbusti mwenzako hapana, vitabu vingi vya haibridi vinakataza. Na lori za volti 24 achana nazo kabisa hata dereva akikuhakikishia haina shida.

Ukikosea hapa unaunguza vitu kweli. Ukigeuza waya, chanya kwenye hasi, zinaanza kwenda fyuzi kubwa, diodi za alteneta, na siku mbaya kompyuta ya gari, tena unaweza kuunguza za magari yote mawili. Mpangilio ni huu, na usiufuate kwa kubahatisha: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, upande wa pili nyekundu kwenye chanya ya betri nzima, nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na ile nyeusi ya mwisho USIIWEKE kwenye betri iliyokufa, iweke kwenye chuma tupu cha injini au bodi mbali na betri. Sababu ni kwamba betri inatoa gesi ya haidrojeni na ule mshiko wa mwisho ndio unatoa cheche, cheche na haidrojeni zikikutana betri inapasuka na asidi inakurukia usoni. Washa gari nzima, iache dakika tano hadi kumi, ndio ujaribu yako. Ikiwaka washa feni ya ndani kabla ya kutoa waya ili kupunguza ule mruko wa umeme, halafu toa kwa kurudi nyuma, ulichoweka mwisho kinatoka kwanza. Betri iliyovimba au kupasuka usiibusti, hata kama unachelewa wapi.

Halafu kuna huu mchezo wa mafundi wa zamani, gari ikishawaka wanachomoa terminali ya betri ili "kupima alteneta". Kwenye gari za kabureta ilikuwa inapita. Kwenye gari yenye kompyuta umeme unaruka ghafla na unaweza kuchoma vitu vya gharama kuliko hiyo alteneta yenyewe. Mkatalie kwa heshima, mwambie apime kwa multimita.

Shida inaisha? Hapana. Umeamsha gari tu. Ukiizima baada ya dakika tano unarudi ulipokuwa.

2. Kusukuma

Unachohitaji ni watu wawili watatu na barabara iliyonyooka, au mteremko. Hela sifuri, vifaa sifuri, ndio maana inapendwa.

Ila gari inayokubali ni manyuo tu. Oto haiwaki kwa kusukuma hata ukileta kijiji kizima, kwa sababu ndani ya gia boksi pampu ya oili inazungushwa na injini, injini ikiwa imezimwa hakuna presha ya kushika gia, matairi yanazunguka peke yake. CVT (oto ya mkanda, isiyo na gia za hatua) hivyo hivyo, haibridi hivyo hivyo. Na hata manyuo kuna sharti watu hawalisemi: lazima betri iwe na chochote kidogo. Gari za sindano za mafuta zinahitaji umeme kwa pampu, kwa kompyuta, kwa kusoma funguo. Kama dashibodi haiwaki hata taa moja mtasukuma hadi mtoke jasho na haitashika. Zile za kabureta zenye pampu ya mafuta ya kimakanika zilikuwa zinasamehe zaidi, na ndio wazee wanakumbuka hizo wanapokwambia "sukuma tu itawaka".

Inavyofanyika: funguo weka ON, kanyaga klachi, weka gia ya pili (sio ya kwanza, ya kwanza inakamata ghafla na matairi yanaburuta), toa handibreki, wasukume hadi kasi ya mtu anayekimbia polepole, achia klachi kwa haraka, ikishika tu kanyaga klachi tena na uipe mafuta kidogo isizime.

Hatari zake ni za aina nyingine. Injini ikiwa imezimwa breki haina ile nguvu ya kusaidia, unaikanyaga inakuwa ngumu, na usukani wenye pawa unakuwa mzito kama wa trekta, kwa hiyo ukiiachia mteremkoni na isiwake una gari ya tani moja isiyotaka kusimama. Usikae kwenye mteremko unaoishia barabara kubwa. Wanaosukuma wasukume kwenye bodi imara na wasiwe mbele ya gari hata kidogo, na mwambieni mtu mmoja ndio anatoa amri. Kwa upande wa gari, ukirudia rudia bila kuwaka, mafuta yasiyoungua yanaingia kwenye masega ya ekzosi (kile kisafisha moshi), yakija kuungulia humo yanayaharibu, na beliti ya taimingi iliyochoka ule mtikisiko inaweza kuruka meno. Kwa hiyo mara mbili tatu ikikataa, acheni.

Na shida? Imebaki palepale kama kwenye waya, na pengine zaidi, kwa sababu betri haikupewa hata zile dakika kumi za chaji ya jirani.

3. Busta ya mkononi, ile pawabenki ya gari

Hapa humhitaji mtu. Uko peke yako usiku, unatoa kiboksi kwenye begi, unashika nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi au kwenye bodi kama kitabu chake kinavyosema, unasubiri taa ya kijani, unapiga stata. Kwa mtu anayetembea peke yake sana mimi naona hii ina utulivu ambao nyingine hazina, hasa kwa dada zetu ambao hawataki kuanza kusimamisha magari ya watu wasiowajua.

Inakubali gari zile zile zinazokubali waya, kwa masharti mawili. Kwanza ukubwa: ile namba kubwa ya ampia iliyoandikwa kwenye boksi ni ya kilele cha sekunde chache sana, usiiamini peke yake, angalia wameandika inafaa injini ya lita ngapi petroli na ngapi dizeli, halafu chukua inayozidi yako kidogo. Pili, betri ikishuka sana kile kichwa cha waya hakiioni, kinakataa kutoa umeme. Nyingi zina kitufe cha kulazimisha. Kitufe hicho kinafanya kazi, ila kwenye nyingi ukikibonyeza unazima na ule ulinzi wa kugeuza waya, kwa hiyo angalia chanya na hasi mara mbili kabla kidole hakijagusa.

Bila hicho kitufe, kukosea kwake ni kwepesi kuliko waya, ukigeuza inalia tu inakataa. Hatari iko kwenye utunzaji. Ndani kuna lithiamu, na gari iliyofungwa juani joto la ndani linaweza kupita 60°C, lithiamu haipendi hilo, inavimba, inapoteza uwezo, na ikiwa mbovu inaweza kushika moto. Ibebe kwenye begi, usiisahau kwenye dashibodi. Na ichaji kila miezi mitatu hivi hata kama hujaitumia, maana busta iliyoisha chaji siku unayoihitaji ni tofali lenye bei. Kuna za aina nyingine za kapasita, hizo hazitunzi chaji muda mrefu, zinanyonya mabaki ya betri yako ile ile dhaifu kwa dakika chache halafu zinayatoa kwa mkupuo, zinavumilia joto vizuri, ila betri ikiwa tupu kabisa inabidi uzipe umeme kutoka sehemu nyingine kwanza.

Shida haijaisha hapa pia. Tena hii ina mtego wake: kwa vile ni rahisi, watu wanabusti kila asubuhi mwezi mzima wakijiona wajanja, huku stata inateseka na alteneta inabebeshwa kazi ya kujaza betri tupu kila siku, kazi ambayo haikutengenezewa, yenyewe ni ya kurudisha kidogo kilichotumika kwenye kuwasha.

4. Kuchaji kwa chaja, au kubadilisha betri

Unahitaji muda. Hii sio njia ya mtu anayechelewa kazini. Chaja ya ukutani, spana ya kumi, na usiku mmoja. Kanuni ya zamani bado inafaa: chaji kwa ampia ambazo ni sehemu ya kumi ya ukubwa wa betri, kwa hiyo betri ya 45 Ah (ampia-saa, ndio ukubwa wenyewe) ichaji kwa ampia 4 na nusu hivi, masaa kumi hadi kumi na mbili kama ilikuwa tupu. Chaja za kisasa zinajipunguza zenyewe. Zile sehemu wanazokuchajia saa moja kwa moto mkali, betri inatoka ya moto na inaonekana imejaa, kesho inalala tena.

Gari zote zinakubali, ila aina ya betri ndio ya kuangalia. Gari zinazojizima zenyewe kwenye foleni zinakuja na betri za AGM au EFB (aina imara zaidi, angalia maandishi juu ya betri), ukiweka ya kawaida inakufa mapema, na baadhi ya gari mpya inabidi betri mpya isajiliwe kwenye kompyuta. Ukinunua angalia ukubwa wa trei, Ah sawa na ya zamani au zaidi kidogo, chanya iko kulia au kushoto (waya isipofika ndio mnaanza kuunga unga), na tarehe ya kutengenezwa, kwa sababu betri iliyokaa dukani mwaka mzima bila chaji sio mpya hata kama nailoni haijatoka.

Kukosea: toa hasi kwanza, rudisha hasi mwisho. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi unapata mweko wa kuyeyusha chuma. Chajia sehemu yenye hewa, sigara mbali. Kama betri ina vifuniko na sahani zimeonekana, ongeza maji ya betri (distilled) hadi zifunikwe, sio asidi, sio ya bomba. Asidi ikikugusa osha kwa maji mengi hapo hapo. Na baada ya kurudisha, redio zingine zinadai namba ya siri na vioo vya umeme vinataka kufundishwa upya, usishtuke.

Hii ndio pekee kati ya nne inayoweza kumaliza shida, na bado nasema inaweza. Betri ya kawaida inaishi miaka mitatu hadi mitano, kwenye joto kali inapungua. Kama yako ina mwaka mmoja na inalala kila siku, ya kununua sio betri, kuna kitu kinakula umeme au alteneta haichaji, na ukiweka mpya nayo utaiua.

Na hapa wapenda mziki nisikilizeni. Gari iliyozimwa inatakiwa kula chini ya 50 mA (miliampia) hivi, hiyo kwa siku ni 1.2 Ah tu, betri haisikii. Sasa fundi kakufungia ampfaya ya sabufa, ule waya mdogo wa kuiamsha badala ya kuuchukua kwenye redio kauunga kwenye umeme wa moja kwa moja, ampfaya hailali, inakula nusu ampia usiku na mchana. Nusu ampia ni 12 Ah kwa siku, siku mbili betri ya 45 Ah imepoteza zaidi ya nusu. Alamu za kuongeza, traka, taa za chini ya siti, hesabu ni hiyo hiyo. Kukamata ni rahisi: zima kila kitu, subiri gari ilale nusu saa, weka multimita upande wa ampia (ule wa 10A) katikati ya hasi na waya wake, usiguse stata wala funguo hapo, halafu chomoa fyuzi moja moja hadi namba ianguke. Namba haijashuka? Chomoa na fyuzi ya ampfaya iliyo karibu na betri. Kama haina fyuzi karibu na betri, huyo fundi usimrudie.

Sasa uchague ipi, kwa hali yako

Ulisahau taa usiku, betri bado changa: taa mbili za halojeni za wati 55 na vidogo vyake zinakula karibu ampia 10, masaa manne tu yanatosha kuilaza. Hapo waya au busta, yoyote iliyo karibu, halafu endesha safari ya maana na jioni ichaji kwa chaja kama unayo. Hakuna haja ya kununua betri.

Una manyuo, dashibodi inawaka, mko wengi na sehemu ni tambarare: sukumeni, mnapoteza dakika tano tu. Dashibodi ikiwa giza msijisumbue.

Una oto na unaishi mbali na watu au unatembea usiku: busta ibebe, na waya weka kwenye buti pia kama akiba siku busta ikiwa haina chaji. Anayeegesha juani kutwa nzima na hawezi kukumbuka kubeba kiboksi, waya nene zinamfaa zaidi, hazina cha kuharibika.

Gari inakaa wiki nzima bila kutembea: chaja ya ukutani, ile ndogo inayojizima, ndio itakusaidia kuliko vyote, au chomoa hasi ukiondoka.

Umebusti zaidi ya mara mbili ndani ya wiki: acha kubusti. Chaji usiku kucha, iache itulie masaa machache, pima. Ikishuka hadi 12.2 yenyewe bila kuunganishwa popote, betri imechoka, badilisha. Ikibaki 12.6 ikiwa nje ya gari lakini ndani ya gari inalala, tafuta mwizi wa umeme. Na ikiwa gari inawaka ila multimita haivuki 13 hata ukipandisha moto wa injini, peleka alteneta kwa fundi umeme kabla hujatoa hela ya betri.